Ukavu wa uke baada ya kukoma hedhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mama amekuja kliniki kwa ajili ya presha. Amepimwa, ameandikiwa dawa, amejifunga khanga vizuri na kushika mkoba wake, ndipo anaporudi kukaa: "Nesi, kuna jambo moja dogo." Jambo lenyewe si dogo, na mara nyingi ameshakaa nalo miaka miwili, mitatu. Maswali yafuatayo nimeyaandika kama wanawake wenyewe wanavyoyauliza. Majibu ni marefu pale mambo yanapochanganya watu na mafupi pasipo na mengi ya kusema.

Huu ni ugonjwa, au ni uzee tu?

Sababu yake ni umri, lakini hilo halina maana kwamba lazima uvumilie. Macho ya kusomea nayo hupungua nguvu ukifika miaka arobaini na kitu, na hakuna anayekuambia uvumilie, unanunua miwani.

Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akikaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55. Ovari zikishapumzika, homoni ya estrojeni hushuka sana. Estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiinenepesha ngozi ya ndani ya uke, ikiipa mikunjo inayoiwezesha kutanuka, na kuivutia damu ya kutosha. Ndiyo pia iliyokuwa ikiijaza ngozi hiyo sukari inayoliwa na bakteria wazuri, ambao nao hutengeneza asidi inayowafukuza wadudu wabaya. Katika umri wa kuzaa, kipimo cha asidi ukeni huwa pH 3.8 hadi 4.5, estrojeni ikiondoka hupanda na kupita 5, yaani ile asidi ya ulinzi imepungua. Ngozi inakuwa nyembamba, kavu, rahisi kuchubuka. Mrija wa mkojo na kibofu navyo vilikuwa vikiitegemea homoni hiyohiyo, kwa hiyo navyo vinalalamika.

Zamani madaktari waliita hali hii "kunyauka kwa uke". Mwaka 2014 vyama vya wataalamu Amerika ya Kaskazini vilibadilisha jina ili liguse na matatizo ya mkojo. Mimi la zamani sikuwahi kulipenda. Nani anataka kuambiwa amenyauka?

Takribani nusu ya wanawake waliokoma hedhi huipata hali hii kwa kiasi fulani. Na hapa ndipo inapotofautiana na lile joto la ghafla na jasho la usiku: joto kwa wengi hupungua lenyewe miaka ikipita. Ukavu haupungui. Usipotibiwa, huongezeka.

Nitajuaje kama ndicho kinachonisumbua?

Dalili hazifanani kwa kila mtu. Mmoja anahisi ukavu kama ngozi inavutana anapotembea. Mwingine anawashwa au anaungua. Mwingine hana shida yoyote mpaka siku ya tendo la ndoa, ambapo anahisi kama anakatwa na wembe, na baadaye anaona tone la damu kwenye nguo. Wapo wanaotokwa na majimaji ya manjano, na wapo ambao malalamiko yao yote ni ya mkojo: kwenda chooni kila saa, kushindwa kuubana, kuungua kila wanapokojoa.

Mhudumu anayejua kazi yake hutambua kwa kukusikiliza na kukuangalia. Ngozi huwa imepauka na kulainika mikunjo yake, na akipima asidi kwa kikaratasi huikuta imepungua. Kama kifaa cha kufungulia uke kinakuumiza, omba kilicho kidogo zaidi. Vipo vya ukubwa tofauti, na si aibu kusema.

Nimeshatumia dawa za fangasi mara nne. Mbona haziponyi?

Huenda hukuwa na fangasi tangu mwanzo. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. Mwanamke anawashwa, anakwenda duka la dawa, anauziwa vidonge vya kuweka ukeni vya siku tatu. Vikiisha, muwasho upo. Anauziwa vya siku sita. Kisha krimu, ambayo inaichoma zaidi ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba.

Fangasi wa ukeni hustawi penye estrojeni. Ndiyo maana huwasumbua sana wajawazito na mabinti, na kwa aliyekoma hedhi si wa kawaida, isipokuwa ana kisukari, ametoka kutumia antibiotiki, au anatumia homoni. Kwa hiyo ukiwa na miaka 58 na fangasi imethibitishwa kweli kwa kipimo, jambo la kwanza ni kupima sukari.

Kuna magonjwa mengine ya kuangalia. Liken sklerosasi hufanya ngozi ya nje iwe nyeupe na kusinyaa, na muwasho wake huzidi usiku. Hutibiwa kwa krimu kali ya steroidi inayoandikwa na daktari, na huhitaji kufuatiliwa kwa sababu mara chache hugeuka saratani. Trikomonasi, ugonjwa wa zinaa, nayo haiulizi umri. Kwa hiyo ukishatumia dawa ya fangasi mara moja bila nafuu, usinunue ya pili. Nenda ukaangaliwe.

UTI haiishi. Inahusiana?

Sana. Asidi ikipungua, bakteria kutoka njia ya haja kubwa hujenga kambi ukeni, na kutoka hapo hadi kwenye mrija wa mkojo ni mwendo mfupi. Unapewa antibiotiki, wanakufa, wengine wanahamia, kwa sababu mlango uko wazi.

Mwaka 1993 watafiti wawili walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanawake 93 waliokoma hedhi na kusumbuliwa na UTI za kujirudia. Nusu walipewa krimu ya estrioli (aina ya estrojeni) ya kupaka ukeni, nusu krimu isiyo na dawa. Waliopata estrioli waliugua kwa wastani mara 0.5 kwa mwaka. Wenzao mara 5.9. Ni zaidi ya miaka 30 sasa, na bado tunaona akina mama wakizungushwa na antibiotiki tu. Kabla ya dozi nyingine, omba mkojo uoteshwe maabara, maana kuungua wakati wa kukojoa kunaweza kuwa ni ngozi iliyochubuka na wala si bakteria.

Mume wangu anasema simtaki tena. Nimwambieje?

Mwambie ukweli: ute umepungua kwa sababu homoni imepungua, kama mvi zilivyoota bila kumwuliza mtu. Hamu ni jambo jingine. Wapo wenye hamu tele na uke mkavu, ingawa kweli mtu akiumia mara tatu nne, ya tano atasingizia usingizi.

Kwetu pwani, somo alitufunda mengi kabla ya ndoa: usafi, udi, namna ya kupokea mume. Ya miaka hamsini hakuyagusa, labda naye hakufundwa. Matokeo yake wanaume wengi hawajui lolote. Mmoja anadhani mkewe ana mtu nje, mwingine anatafsiri kuwa kapewa ruhusa ya kuongeza mke. Nimewahi kukaa na mume na mke wa zaidi ya miaka sitini nikawachorea tu kwenye karatasi kinachotokea, na mzee akasema, "Kumbe mwenzangu alikuwa anaumia, mimi nikidhani kanichoka." Dawa tulizungumzia baadaye.

Katika kitendo chenyewe: msiharakishe. Mwili wa umri huu unahitaji muda mrefu zaidi kuandaliwa. Kama misuli ya mlango wa uke inajikaza yenyewe kwa kuogopa maumivu, mtaalamu wa fiziotherapia wa misuli ya nyonga anaweza kukufundisha kuilegeza. Na si lazima kila usiku uishie kwa kuingiliana.

Vilainishi: ninunue kipi?

Tenganisha vitu viwili. Kilainishi cha tendo hupakwa wakati uleule na kazi yake huisha hapohapo. Jeli ya kutunza unyevu huwekwa ndani mara mbili au tatu kwa wiki, uwe na mume au huna, na hukaa ikishikilia maji kwenye ngozi kwa siku kadhaa. Wengi wananunua cha kwanza wakitarajia kazi ya cha pili.

Vya maji havichafui shuka na vinafaa na kondomu, ila hukauka upesi. Vya silikoni hudumu zaidi na navyo havidhuru kondomu. Mafuta, yakiwemo ya nazi, huifanya kondomu ya mpira ipasuke. Hili si dogo: ngozi inayochubuka hurahisisha VVU kupita, na mwanamke wa miaka 60 anayeishi na VVU, au ambaye hajui hali ya mwenzake, anaihitaji kondomu kama kijana. Kama kondomu si suala kwenu, mafuta safi ya nazi kwa wengine hufaa. Vaselini ukeni hapana, maana hung'ang'ania humo na imehusishwa na maambukizi. Mate hukauka kabla hujahesabu kumi.

Soma kilichoandikwa kwenye chupa. Epuka chenye manukato, ladha, au kinachojisifu kuleta joto. Glisirini nyingi hufanya jeli kuwa nzito kiasi cha kunyonya maji kutoka kwenye ngozi badala ya kuipa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilishauri vilainishi visizidi kipimo cha osmolaliti (nguvu ya jeli ya kunyonya maji) 1200, na bora zaidi viwe chini ya 380.

Bamia, shabu na kujifukiza vinasaidia?

Bamia ni mboga nzuri, endelea kula. Lakini ute wake unaishia tumboni. Hauna njia ya kwenda ukeni. Mlenda vivyo hivyo. Kunywa maji mengi ni kuzuri kwa figo na hakurudishi estrojeni.

Shabu ni habari nyingine, na hapa sitabembeleza. Shabu inabana kwa sababu inakausha. Kuipeleka kwenye uke uliokwisha kukauka ni kumwagia chumvi kidonda, na sawa na hivyo ndimu, magadi, dawa za unga za kubana na yale mawe yanayouzwa kwa jina la usafi. Kujifukiza kwa mvuke kumewaunguza watu. Sabuni ya kuoshea ndani pia acha: kuchamba kwa maji safi kwa nje kunatosha.

Dawa zenye homoni zinatumikaje?

Ni estrojeni kidogo sana inayowekwa mahali penyewe panapoihitaji. Zipo kama krimu (estrioli, au estrojeni nyingine) yenye kifaa cha kuingizia, kidonge kidogo cha estradioli cha mikrogramu 10, na pete laini inayokaa ndani miezi mitatu ikitoa dawa polepole. Utaratibu wa kawaida wa kidonge ni kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Krimu hufuata mtindo unaokaribia huo, kwa kipimo alichoandika daktari. Ukipaka krimu, gusa na mlango wa uke kwa kidole, maana kwa wengi maumivu huanzia pale.

Usitegemee muujiza wiki ya kwanza. Nafuu huanza baada ya wiki chache, na nguvu kamili ya dawa huonekana kati ya wiki ya 8 na ya 12. Kwa kuwa kipimo ni kidogo na kinabaki palepale, kwa kawaida huhitaji kuongezewa projesteroni ya kulinda mfuko wa uzazi, tofauti na anayemeza homoni.

Je, ni lazima? Si kwa kila mtu. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2018 liliwafuata wanawake 302 kwa wiki 12. Vidonge vya estradioli havikushinda jeli ya unyevu, na hata waliopewa jeli na vidonge visivyo na dawa walipata nafuu ya kiwango hicho. Ndiyo maana mwenye tatizo jepesi humwambia aanze na jeli. Mwenye UTI za kujirudia au ngozi inayochubuka, simcheleweshi.

Zipo na dawa nyingine: prasteroni ya kuweka ukeni kila usiku na ospemifeni ya kumeza. Kwetu ni adimu na ghali, kwa hiyo sizirefushi. Estrojeni zenyewe usizitafute katika duka la dawa muhimu la mtaani. Ni dawa za cheti. Nenda famasi yenye mfamasia, taja jina la dawa na si la kampuni, na ukiambiwa haipo uliza kama wanaweza kuiagiza. Wasomaji walioko Uingereza wana unafuu: tangu 2022 mwenye miaka 50 na kuendelea anaweza kununua vidonge vya mikrogramu 10 kwa mfamasia bila cheti.

Karatasi iliyomo kwenye boksi inataja saratani na kiharusi. Niogope?

Karatasi hiyo imewafanya wanawake wengi watupe dawa kabla ya kuifungua. Onyo lilitokana na utafiti mkubwa wa Marekani ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2002, wa wanawake waliokuwa wakimeza homoni kila siku. Kisha likabandikwa kwenye kila kitu chenye estrojeni, hata kile cha ukeni.

Piga hesabu. Kidonge cha ukeni cha mikrogramu 10, usiku 14 za mwanzo na mara mbili kwa wiki baada ya hapo, ni vidonge 114 kwa mwaka. Jumla yake ni miligramu 1.14. Kidonge cha kumeza cha estradioli cha miligramu 1 humezwa kila siku. Dawa ya mwaka mzima ya ukeni inakaribia kidonge kimoja cha siku moja cha mwenzio. Estrojeni kwenye damu ya mtumiaji hubaki katika kiwango cha kawaida cha mwanamke aliyekoma hedhi. Novemba 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kuanza kuliondoa onyo lile kubwa, baada ya wataalamu kulilalamikia kwa miaka.

Nimewahi kuugua saratani ya titi.

Anza na jeli ya unyevu na kilainishi, bila homoni. Visipotosha, usijinunulie, daktari wako wa saratani ndiye wa kuamua nawe. Kwa anayetumia tamoksifeni mjadala ni mwepesi kiasi. Kwa anayetumia anastrozoli au letrozoli tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu dawa hizo kazi yake ni kuishusha estrojeni kabisa.

Nimeona damu kidogo. Ni ukavu huu?

Huenda. Lakini usikubali jibu hilo kutoka kwangu wala kwa shoga yako wala kwa mwenye duka. Damu yoyote baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone moja, hata ya rangi ya chai, ni ya kuchunguzwa. Karibu mwanamke mmoja kati ya kila kumi wanaotokwa damu hivyo hukutwa na saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi, na ikikamatwa mapema mara nyingi hupona. Utafanyiwa ultrasaundi, na pengine kuchukuliwa kinyama kidogo.

Damu baada ya tendo la ndoa ina mshukiwa mwingine: saratani ya shingo ya kizazi, ambayo hakuna saratani inayoua wanawake wengi wa Tanzania kuizidi. Na hapa kuna jambo watu hawaambiwi. Kile kipimo cha kupaka siki kwenye shingo ya kizazi hakifai sana ukishakoma hedhi, maana sehemu inayotakiwa kuonekana imerudi ndani. Ukiambiwa "uko sawa" kwa siki ukiwa na miaka 57, ulizia kipimo cha virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hiyo.

Leza ya ukeni je? Nimeona tangazo.

Hifadhi pesa yako. Mamlaka ya Marekani iliwaonya watangazaji wake Julai 2018 kwa sababu ya majeraha na makovu. Jaribio la Australia lililochapishwa 2021 likalinganisha leza ya kweli na ya kuigiza. Baada ya mwaka hapakuwa na tofauti.

Nina miaka 38 tu. Nilipata mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi.

Mionzi, au kutolewa ovari zote mbili, hukukomesha hedhi ghafla, na dalili huja kwa kasi. Matibabu ni hayahaya, pamoja na vifaa vya kutanua uke ili usishikane baada ya mionzi. Umri wako una jambo la ziada: mifupa na moyo navyo vilikuwa vikiitegemea estrojeni, kwa hiyo ulizia kuhusu homoni za mwili mzima. Anayenyonyesha naye hukauka, ila kwake hupita.

Mimi mjane, sina mtu. Nina haja gani?

Kama unawashwa, unaungua au UTI haziishi, haja unayo. Uke ni wako, si wa ndoa.

Ninafunga Ramadhani. Dawa ya ukeni inafunguza?

Kwa Mashafi, ambao ndio wengi pwani yetu, kinachoingizwa ndani ya uke hubatilisha saumu; wanazuoni wengine wana rai tofauti, na wa kuulizwa ni shekhe wako. Kwa bahati nzuri dawa hizi ni za usiku. Weka baada ya tarawehe unapokwenda kulala. Pete iliyowekwa Shaabani inabaki humo, haihitaji kuguswa mwezi mzima.

Nitaitumia mpaka lini?

Maadamu unaihitaji. Ukiacha, dalili hurudi. Rudi kuonana na daktari mara moja kwa mwaka, na siku yoyote ukiona damu.

Nikifika kwa daktari naanzaje kusema?

Sema mwanzoni, kabla ya presha na magoti, maana mwishoni muda huwa umekwisha na foleni inagonga mlango. Sentensi moja inatosha: "Nimekoma hedhi tangu mwaka fulani, uke wangu ni mkavu na unaniuma." Kama daktari ni kijana wa kiume mwenye umri wa mwanao, omba nesi wa kike akae nawe. Na kama ulimi unakataa kabisa, iandike kwenye simu, mpe asome.